Mhudumu wa Afya wa Kitongoji: Anafundishwa Nini, na Nani Anaendelea Kumfundisha

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni mkazi wa kijiji au mtaa ambaye huteuliwa kutoka miongoni mwa majirani zake, akafundishwa kwa wiki au miezi kadhaa namna ya kushughulikia mahitaji machache ya afya yaliyobainishwa, kisha akarejea kuishi na kufanya kazi mahali pale pale alipotoka. Hasomei uuguzi wala utabibu, hana wodi wala chumba cha sindano, na sehemu kubwa ya kazi yake huifanyia barazani na uani kwa watu, akiwa na mkoba, daftari na, siku hizi, simu. Tanzania humwita kwa jina hilo hilo katika nyaraka za serikali. Kenya ilimhesabu kwa miaka mingi kuwa mtu wa kujitolea, hadi mwaka 2023 ilipompa cheo cha mhamasishaji wa afya ya jamii. Na Rwanda kwa miaka mingi imewaweka kazini wawili wawili, mwanamume na mwanamke, katika kila kijiji, pamoja na mwenzao anayefuatilia wajawazito na watoto wachanga.

Mwishoni mwa Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wenye lengo la kuwafundisha na kuwapeleka kazini wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, idadi inayotokana na hesabu nyepesi ya watu wawili, mmoja wa kila jinsia, kwa kila kitongoji na kila mtaa nchini. Mafunzo yao yamepangiwa miezi sita, yakichanganya darasa na kazi ya vitendo. Miezi sita ni muda mrefu ukilinganishwa na semina za siku tano zilizozoeleka, na ni mfupi mno ukilinganishwa na miaka anayosoma muuguzi, kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa na kila mwananchi atakayebishiwa hodi na mhudumu huyo ni hili: katika muda huo mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kitu gani kwa uhakika kiasi kwamba mama amkabidhi mtoto anayehema?

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika wilaya ya Dingxian, kaskazini mwa China, daktari Chen Zhiqian aliwafundisha wakulima katika miaka ya 1930 kuandikisha vizazi na vifo, kuchanja ndui na kutoa huduma ya kwanza, kwa hoja kwamba kijiji kisichoweza kumlipa daktari hakina budi kuwatumia watu wake. Miongo mitatu baadaye serikali ya Mao Zedong iliutanua mfano wa namna hiyo hadi ukawa jeshi la watu zaidi ya milioni moja, walioitwa madaktari wa miguu mitupu kwa kuwa waliendelea kulima mashamba ya mpunga pamoja na wenzao, na ambao kwa kawaida walifundishwa kwa miezi mitatu hadi sita. Mwaka 1978 wajumbe wa nchi 134 waliokutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya enzi za Kisovieti, walitangaza kuwa huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kuifikia afya kwa wote, na wakawataja wahudumu wa jamii miongoni mwa watoaji wake. Programu nyingi zilizochipuka baada ya hapo zilinyauka katika miaka ya 1980, wakati madeni na kubana matumizi vilipoikumba Afrika, na katika vijiji vya Tanzania wahudumu waliotarajiwa kulipwa kutoka mifuko ya vijiji, mifuko ambayo mara nyingi ilikuwa mitupu, wakarudi mashambani mmoja mmoja. Ni vigumu kusema kwamba walishindwa na masomo, kwani waliondoka kwa sababu zisizohusiana na darasa kabisa, na jambo hilo litajitokeza tena mbele.

Kosa linalojirudia katika kutunga mitaala ya wahudumu ni kuuchukua mtaala wa uuguzi na kuupunguza, kama fundi anayekata kanzu ya mtu mzima ili imtoshe mtoto: mikono hufupika, lakini mabega hubaki mapana. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hukaririshwa mifupa ya mwili na sehemu za moyo, vitu asivyovitumia hata siku moja, huku saa za kumshika mtoto mgonjwa zikihesabika kwa vidole. Njia yenye mantiki zaidi huanzia upande wa pili, yaani kwa kuuliza ni maradhi gani yanayowaua watoto mbali na zahanati, na ni vitendo gani vichache vinavyoweza kufanywa nyumbani kuyazuia. Majibu yanajulikana kwa muda mrefu sasa: nje ya mwezi wa kwanza wa maisha, malaria, nimonia na kuhara huchukua sehemu kubwa ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika nchi maskini, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa tamko la pamoja la kuzihimiza nchi kuwafundisha wahudumu wa jamii kuyatibu maradhi hayo matatu majumbani, utaratibu unaojulikana kama huduma jumuishi kwa watoto wagonjwa katika jamii.

Nimonia ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kujua na kuweza. Ugonjwa huu hujaza usaha na majimaji kwenye mapafu, na kwa kuwa mhudumu hana picha ya eksirei wala hafundishwi kusikiliza kifua, hutegemea alama moja ambayo watafiti waliithibitisha katika miaka ya 1980, nayo ni kasi ya kupumua. Mtoto mwenye kikohozi aliye na umri wa miezi 2 hadi 11 huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, na yule wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40. Kanuni hii yaweza kuandikwa kiganjani. Kuitekeleza ni habari nyingine, kwa sababu mtoto anayelia hupumua haraka bila kuwa na nimonia, anayenyonya hupumua kwa kukatizakatiza, aliyefungwa khanga hadi shingoni haonekani kifua, na anayehesabu huku bibi wa mtoto akimweleza historia ya kikohozi tangu msimu uliopita hupoteza hesabu akiwa ishirini na kitu. Mhudumu hana budi kumwomba mama amtulize mtoto, afungue nguo, atazame mahali pamoja pa tumbo au kifua, ahesabu dakika nzima bila kukisia, na akikosea aanze upya, jambo linalohitaji ujasiri wa kuwaomba watu wazima wanyamaze kidogo. Katika Sudan Kusini, ambako wahudumu wengi hawakuwahi kusoma shule, zimetumika shanga za rangi: kwa kila pumzi husogezwa shanga moja, na vidole vikifika kwenye shanga za rangi ya hatari kabla ya kipima muda kulia, jibu limepatikana bila namba hata moja kutamkwa.

Ustadi wa namna hii haujengeki kwa mhadhara. Video za watoto wanaopumua husaidia mwanzoni, kwa sababu darasa zima huweza kumhesabu mtoto yule yule na kulinganisha majibu, lakini baada ya hapo mwanafunzi lazima apelekwe mahali penye watoto wagonjwa wengi, na mahali hapo kwa kawaida ni wodi ya hospitali ya wilaya, kwani zahanati ndogo inaweza kukaa wiki nzima bila kupata mtoto hata mmoja mwenye nimonia. Wapangaji wa bajeti hupenda mafunzo yafanyike katika ukumbi wa kata kwa kuwa ni rahisi, na hapo ndipo akiba inapogeuka hasara: mhudumu huhitimu akiwa ameiona nimonia kwenye bango tu.

Kwa malaria kazi imerahisishwa na kipimo cha haraka, kile kibao kidogo cha plastiki kinachotumia tone la damu ya kidole na kuonyesha mstari mmoja au miwili. Hata hivyo kipimo hicho kina hatua zaidi ya kumi, kuanzia kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kuvaa glovu na kuandika jina la mgonjwa, hadi kutupa kichomeo katika sanduku la usalama na kusubiri dakika zote zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kusoma jibu. Makosa hutokea katika hatua zinazoonekana ndogo: tone likiwa dogo mno, au jibu likisomwa mapema kwa sababu mgonjwa ana haraka, au mstari hafifu ukichukuliwa kuwa si mstari. Utafiti uliofanywa nchini Zambia na kuchapishwa mwaka 2008 uliwagawa wahudumu katika makundi matatu. Waliopewa maelekezo ya kiwandani peke yake walifanya sawasawa asilimia 57 ya hatua; waliopewa kadi ya michoro iliyotungwa kwa ajili yao, inayoonyesha kila hatua kwa picha, walifikia asilimia 80; na waliopewa kadi hiyo pamoja na mafunzo ya saa chache tu walifikia asilimia 92. Funzo la takwimu hizi mara nyingi hupindishwa na wanaotaka kuthibitisha kwamba mafunzo mafupi yanatosha. Zinachoonyesha kwa hakika ni kwamba kadi iliyotungwa kwa kuwajaribia watumiaji wenyewe, ikarekebishwa kila walipokwama, inafundisha kila siku inapofunguliwa, ilhali mwalimu ameshaondoka.

Kuhara hakuhitaji maelezo marefu. Mhudumu hufundishwa kuchanganya pakiti ya chumvi za kurudishia maji mwilini, zinazofahamika kwa jina la ORS, katika lita moja ya maji safi, na kutoa vidonge vya madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14, na ugumu wote uko katika kumshawishi mama aendelee na zinki siku ya sita wakati mtoto ameshapona na anacheza. Utepe wa kupimia mzunguko wa juu wa mkono ni mwepesi vilevile: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 huangukia kwenye rangi nyekundu, maana yake utapiamlo mkali.

Jambo gumu kuliko yote ni kujua wakati wa kutotibu. Mhudumu hufundishwa dalili za hatari, yaani alama zinazosema kwamba mtoto huyu amevuka uwezo wa mkoba wake: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au hazinduki, au kifua chake cha chini kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Hapo anachotakiwa kufanya ni rufaa, na rufaa kitongojini humaanisha kuishawishi familia iondoke sasa hivi, pengine usiku, kwa bodaboda ambayo nauli yake haipo, ikimwacha ng'ombe au duka bila mtu. Tathmini iliyofanywa katika wilaya ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1997 na 2001, iliwakuta wahudumu wakiitibu malaria ipasavyo kwa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi, lakini wakiyumba walipokutana na nimonia na maradhi makali, na watafiti walielekeza lawama kwa miongozo iliyokuwa na mambo mengi mno kwa mtu mmoja kuyashika. Mtaala unaoongezewa somo jipya kila mfadhili mpya anapoingia huishia pale pale.

Kuna upande mwingine wa mafunzo ambao vitabu vya wizara huugusa kwa haraka, nao ni ule wa mambo ambayo mhudumu anayajua kabla hajaingia darasani. Katika pwani ya Tanzania na sehemu nyingine nyingi, degedege la mtoto limechukuliwa kwa muda mrefu kuwa ugonjwa wa ndege au wa mashetani, unaotaka mganga wa kienyeji kwanza, tena wenye hatari ya kuua mtoto akichomwa sindano. Mtoto mwenye homa na kuhara anaweza kusemwa ana meno ya plastiki, na ufizi wake ukachokonolewa kwa chombo kisichosafishwa. Kikohozi kisichokoma huweza kumpeleka mtoto kwa mkata kimeo. Na mtoto anayekonda husemwa amebemendwa, kauli inayowatia wazazi wake aibu ya kitanda, hivyo mama humficha badala ya kumpeleka kliniki. Mhudumu aliyezaliwa hapo ameyasikia yote haya tangu utotoni, na si ajabu mwenyewe akawa anayaamini nusu nusu. Mafunzo yanayoyanyamazia hayamwandai kwa mazungumzo anayokwenda kukutana nayo, na yanayoyadharau humfanya aonekane mtu aliyekwenda semina akarudi na majivuno. David Werner, mwalimu wa biolojia aliyefanya kazi miaka mingi katika milima ya Sinaloa nchini Mexico, na ambaye kitabu chake kinafahamika Afrika Mashariki kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, aliifanya sura ya kwanza kabisa iwe ya tiba za nyumbani na imani za watu, akitenganisha zinazosaidia, zisizodhuru na zinazodhuru. Mpangilio huo ungefaa kuigwa na mitaala mingi: igizo dhima, yaani zoezi ambalo mwanafunzi mmoja hujifanya mhudumu na mwingine bibi mwenye msimamo, hufundisha zaidi kuliko saa nzima ya mhadhara juu ya mawasiliano, hasa pale ambapo mwanafunzi anayeigiza bibi analitetea dai lake kwa moyo wote.

Suala la nani achaguliwe lina majibu yanayogongana. Tanzania inataka elimu ya kidato cha nne. Ethiopia, iliyoanza mpango wake mwaka 2003, iliwachukua wasichana waliomaliza darasa la kumi, ikawafundisha kwa mwaka mmoja, ikawaajiri kwa mshahara wa serikali na kuwapeleka wawili kwa kila kebele, ambalo ni eneo dogo kabisa la utawala, hadi wakazidi 30,000. Kwa upande mwingine, huko Jamkhed katika jimbo la Maharashtra nchini India, madaktari Rajanikant na Mabelle Arole, walioanza kazi mwaka 1970, waliwafundisha wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakiwamo wa tabaka lililotengwa, na wanawake hao wakafahamika kwa kazi nzuri duniani kote. Mgongano huu hupungua ukitazamwa utaratibu wa masomo wenyewe. Wanawake wa Jamkhed hawakufundishwa mara moja wakaachwa. Walirudi kituoni kila wiki, wakalala pale, wakaelezana walichokutana nacho na kusahihishwa. Elimu ndogo ya shule ilifidiwa na mafunzo yasiyokoma. Nchi isiyoweza kuwakutanisha wahudumu wake mara kwa mara hulazimika kutafuta wenye vyeti, na huo ni ulazima wa utawala unaovalishwa joho la ubora.

Kuhusu nia ya mtu kujiunga, imezoeleka kuamini kwamba anayetamani kupanda cheo hafai kwa kazi ya kijiji, kwani ataondoka. Zambia ilipoanzisha kada mpya ya wasaidizi wa afya ya jamii mwaka 2010, watafiti wa uchumi wakishirikiana na serikali walibandika matangazo ya aina mbili katika wilaya tofauti: baadhi yalisisitiza kuitumikia jamii, mengine yalisisitiza nafasi ya kujiendeleza katika utumishi wa serikali. Wote walipata mafunzo yale yale ya mwaka mmoja. Walioitikia tangazo la kujiendeleza walitembelea nyumba nyingi zaidi kwa asilimia 29 kuliko wenzao, wala hawakukimbia vituo vyao kwa wingi kama ilivyohofiwa. Hadithi ya mhudumu mnyenyekevu asiyetaka kitu imewafaa zaidi waliokuwa wakitafuta sababu ya kutomlipa.

Mafunzo ya maelfu ya watu yana tatizo lake la pekee, kwa sababu walimu wazuri ni wachache. Njia ya kawaida ni mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wataalamu wa taifa huwafundisha wakufunzi wa mikoa, hao wakawafundisha wa wilaya, na wa wilaya wakawafundisha wahudumu. Tanzania iliwahi kuitumia njia hii kwa mafanikio ya kusifiwa duniani mwaka 1973, katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa hatua hizo ili wawaongoze watu wazima karibu milioni mbili waliokusanyika kusikiliza vipindi, kusoma vijitabu na kujadiliana kuhusu malaria, kichocho, vyoo na maji, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Mafanikio hayo huwapotosha wanaoyanukuu bila kuangalia kilichofundishwa. Ujumbe wa kuchimba choo husafiri vizuri kutoka mdomo hadi mdomo, tena una redio ya kuurudia kwa sauti ile ile. Ustadi wa mikono hausafiri hivyo, kwa sababu kila ngazi hufupisha ilichopewa, na cha kwanza kufupishwa ni mazoezi. Siku tano za mkoani huwa tatu za wilayani na mbili za kata, na mkufunzi wa mwisho katika mnyororo huenda naye hajawahi kuhesabu pumzi za mtoto mwenye nimonia. Pakistan ilijaribu kuikwepa hatari hii kwa wahudumu wake wa kike, walioanza kazi mwaka 1994, kwa kuwapa miezi mitatu ya darasa katika kituo cha afya cha jirani kisha miezi 12 ya kujifunza kazini, wakiwa chini ya wafanyakazi wale wale watakaoendelea kuwapokelea rufaa.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo. Baada ya cheti, mwalimu wa mhudumu ni msimamizi wake, na msimamizi huyo kwa kawaida ni mganga mfawidhi wa zahanati au muuguzi, mtu ambaye tayari ana foleni ya wagonjwa na hana pikipiki. Usimamizi shirikishi, kama unavyoitwa, ni ziara ambayo msimamizi humtazama mhudumu akimpima mtoto, humsahihisha papo hapo bila kumvunjia heshima mbele ya wenyeji, na kupitia daftari lake. Mara nyingi kinachotokea ni kukusanya fomu za mwisho wa mwezi. Mradi wa Connect, uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010 katika wilaya za Kilombero, Rufiji na Ulanga, ulitoa ushahidi wenye uchungu. Vijiji vilivyochaguliwa kwa kura vilipewa wahudumu walioitwa WAJA, waliofundishwa kwa miezi tisa na kulipwa mshahara, yaani walikuwa na karibu kila kitu ambacho watetezi wa kazi hii hukidai. Nafuu ya vifo kwa watoto waliovuka mwezi wa kwanza ilionekana katika miaka miwili ya mwanzo, kisha ikapotea, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuishiwa dawa na vifaa. Mhudumu aliyefundishwa vizuri lakini asiye na dawa mseto ya malaria mkobani hubaki kuwa mtoa ushauri wa kwenda zahanati, na akiutoa ushauri huo mara tatu, mara ya nne mama hupita mlangoni kwake bila kubisha.

Malipo nayo ni sehemu ya mafunzo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kila anayeacha kazi huondoka na gharama yote ya kumfundisha. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 ulipendekeza walipwe kwa kadiri ya kazi, saa na mafunzo yao, ukaonya dhidi ya kuwalipa kwa matokeo peke yake, na ukashauri vyeti vitolewe kwa kupima umahiri, yaani kile mtu anachoweza kukifanya, badala ya mahudhurio. Kenya, ilipowazindua wahamasishaji wake 100,000 mnamo Septemba 2023 na kuwakabidhi mikoba yenye mashine za kupimia shinikizo la damu na sukari, ilipanga posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa nyumba takribani 100 anazopaswa kuzifuatilia kila mmoja, kiasi hicho hakiwezi kuitwa mshahara, ingawa ni hatua kutoka kwenye fulana na chai ya semina.

Simu imekuja na ahadi ya kuyatatua haya, na kwa sehemu inayatatua. Katika mpango wa Jamii ni Afya wa Zanzibar, unaowafikia wahudumu zaidi ya 2,000 Unguja na Pemba, programu ya simu humwongoza mhudumu swali kwa swali wakati wa ziara, ikimkumbusha dalili za hatari na kumwonyesha msimamizi nani ametembelea nyumba zipi. Ni kadi ya michoro ya Zambia iliyopewa kumbukumbu. Lakini simu haiwezi kumwona mtoto. Huamini namba inayoingizwa, na pumzi zilizokisiwa huingia humo kwa unadhifu ule ule wa pumzi zilizohesabiwa.

Ustadi wa kuhesabu, sawa na wa kutambua kifua kinachobonyea, hufifia usipotumika. Katika nyumba mia moja watoto wa chini ya miaka 5 huwa makumi tu, na wengi wao, kwa bahati nzuri, hupitisha mwaka bila ugonjwa mkali, hivyo mhudumu anaweza kumaliza miezi mingi bila kukutana na dalili aliyofundishwa kwa bidii kuliko zote. Semina ya kujikumbusha ya mara moja kwa mwaka haizibi pengo hilo. Kinachoweza kuliziba ni siku moja kila mwezi ambayo wahudumu wa kata moja hukaa katika wodi ya watoto ya kituo cha afya au hospitali ya karibu, wakahesabu pumzi za watoto walio pale na kuulinganisha uamuzi wao na wa tabibu wa zamu, jambo linalohitaji nauli, chakula cha mchana na tabibu aliyepewa muda wa kuifanya kazi hiyo katika ratiba yake.